Mpira wa Kumi na Moja wa Mwalimu Ernest

Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu mliopanda nasi mlima huu, asalaam aleikum. Baba Paroko, mjomba wetu Abel ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye msiba, mama yetu Editha uliyekaa hapo kwenye mkeka, wakwe zetu mliotoka Same, mkuu wa shule na walimu, wanafunzi, majirani wa Kihonda na wa hapa Nyandira, mimi naitwa Regina Damian Kobelo, fundi cherehani, mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa. Karatasi hii ilikuwa isomwe na mjomba, aliiandika juzi kwa mwandiko wake mzuri, kurasa mbili, lakini leo asubuhi nimemwomba anipe, akanitazama, akanipa bila kuuliza, nami nimeongeza ukurasa wa tatu kwa mkono wangu. Huo ukurasa wa tatu ndio ulionisimamisha hapa, kwa sababu yupo mtu kati yenu anayebeba lawama ya kifo hiki, na lawama hiyo si yake. Nitafika huko, msiniharakishe, nikienda mbio nitaanguka.

Na ninyi watani wetu mlio kule jikoni, nawaomba mtulie kidogo. Tangu jana mmeifanya kazi yenu sawasawa, yule aliyevaa kofia ya marehemu ameinamia matuta ya njegere, kisha akahesabu viazi kwenye karai, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, halafu akajishika kichwa akauliza wa kumi na moja uko wapi, na watu wakacheka mpaka wakatoa machozi, hata mama alicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa huko peke yangu, si kwa kuwa hamkuchekesha.

Marehemu Ernest Damian Kobelo alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 14 Machi 1973, hapa hapa Nyandira, katika nyumba iliyokuwa pale penye migomba, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu mzee Damian Kobelo na mama Editha, na alibatizwa mwezi uliofuata katika parokia yetu. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuhesabu, baba akituma vikapu vya njegere sokoni yeye ndiye aliyesimama njiani kuvihesabu vikipita, na kikipungua kimoja hakuna aliyekula kwa raha nyumbani. Mama anakumbuka siku moja mundu ulipotea shambani, Ernest akautafuta tangu mchana mpaka jua linazama, akapekua kila tuta, akarudi analia, kumbe mundu mama ameuchomeka kiunoni muda wote na kausahau. Mama alicheka sana siku ile, akambusu, na sisi tumeisimulia hadithi hiyo kila Krismasi kwa miaka arobaini, jamani, bila kujua tunachokisimulia.

Alisoma Shule ya Msingi Nyandira kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akachaguliwa kwenda Mzumbe kidato cha kwanza hadi cha nne, 1988 hadi 1991, na kwa kuwa mjomba ameandika kwamba alifaulu vizuri, mimi nitasema alifaulu, neno vizuri tuliache. Kidato cha tano na cha sita alisoma Songea, 1992 hadi 1994, na kuanzia mwaka 1995 hadi 1997 alisomea stashahada ya ualimu huko Korogwe, masomo yake yakiwa Jiografia na Historia. Baba alifurahi mno, akachinja kondoo, maana yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na ingawa alifariki mwaka 1999 alikuwa amekwisha kumwona mwanawe akiitwa Mwalimu na watu wanaomzidi umri.

Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1997 katika shule moja ya sekondari huko Dakawa, ambako alifundisha kwa miaka kumi na moja, akipigwa na mbu wa mashamba ya mpunga na kuugua malaria kila masika, kisha tarehe 12 Januari 2009 alihamishiwa Shule ya Sekondari Mwambeni, hapo mjini Morogoro chini ya mlima, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho. Wanafunzi wake wamejaa mkoa mzima, wengine ni madereva, wengine ni manesi, mmoja ni hakimu, na wote wanaweza kukuchorea ramani ya mito ya Uluguru wakiwa wamefumba macho, kwa sababu asiyeweza hakutoka darasani kwake.

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Magreth siku ya Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2000, na Mungu akawajalia watoto wawili, Josephina aliyezaliwa mwaka 2002, ambaye sasa anamalizia uuguzi, na Glory aliyezaliwa mwaka 2006. Wifi yangu Magreth, miaka ishirini na minne na nusu umeishi na mtu aliyehesabu vijiko kabla ya kulala, na hukumkimbia, sisi ukoo wake tunakushukuru. Na kwa watoto wangu mimi watatu, ambao kwa mila yetu mjomba ndiye baba mkubwa kuliko baba, Ernest alikuwa mjomba wa kweli, aliwasomesha, aliwachapa, aliwaombea, na leo wamebaki kama mimi nilivyobaki.

Sasa nizungumzie besiboli, maana bila hiyo historia hii haisomeki. Mwezi wa Machi 2014 alikuja pale Mwambeni kijana wa kujitolea kutoka Japani, Bwana Sato, kufundisha Hisabati, akaja na mfuko mkubwa ambao wote walidhani ni wa nguo, kumbe ndani mna glavu, fimbo nne na mipira ishirini na minne. Kaka yangu wakati huo ana miaka arobaini na moja, ana kitambi, hajawahi kucheza hata bao, akausimamia mchezo huo kama vile alikuwa akiungoja maisha yake yote. Kwa wasioujua, mmoja anarusha kimpira kigumu, mwingine anakipiga kwa fimbo, halafu anakimbia kwenye pembe nne za uwanja mpaka arudi alipoanzia, ndivyo nilivyoelewa mimi kwa miaka yote hiyo, na marehemu alikuwa akisema nimeelewa nusu.

Bwana Sato aliondoka mwaka 2016, akaacha mfuko wake na sheria tatu, na kaka yangu alizishika hizo sheria kuliko amri za Kanisa, Baba Paroko unisamehe. Ya kwanza, huingii uwanjani mpaka umevua kofia ukauinamia uwanja, jambo lililowafanya wapita njia waamini kwamba Mwalimu Ernest ameanzisha dhehebu. Ya pili, mazoezi yakiisha uwanja unafagiwa wote, na mwalimu naye anashika fagio la chelewa. Ya tatu, mipira inahesabiwa, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka hesabu itimie. Hiyo ya tatu naomba muishike.

Mipira ya namna hiyo haipatikani Morogoro, zunguka maduka yote ya michezo utarudi na mpira wa miguu, kwa hiyo ile ishirini na minne ilikuwa inapungua tu, mmoja uliliwa na mbwa, mitatu ilikwenda na mafuriko, mingine ilipasuka hata mimi nikashindwa, mpaka mwaka huu ikawa imebaki kumi na mmoja. Nasema hata mimi, kwa sababu fundi wa mipira hiyo nilikuwa mimi. Kila Jumapili baada ya misa alipita kwangu, akanipa uliofumuka, nikaushona wiki nzima kwa sindano ya fundi viatu na uzi uliopakwa nta, mishono zaidi ya mia kuzunguka mpira mmoja, vidole vikatoka damu, na Jumapili iliyofuata akauchukua na kuandika kwenye daftari lake, umetoka mmoja, umerudi mmoja. Nilikuwa nikimtania kwamba hata hostia kanisani hazihesabiwi hivyo, naye akajibu kwamba hostia padre anaweza kuagiza nyingine.

Timu yenyewe, nisiwadanganye, ilikuwa mbovu. Kwa misimu kumi ya mashindano ya shule huko Dar es Salaam walishinda mara mbili, na moja kati ya hizo ni pale wapinzani walipoharibikiwa na gari Chalinze wakaandikiwa kushindwa. Lakini kila msimu mpya ukikaribia kaka yangu alikuwa mtu mwingine, alinyoosha kamba na kuchora uwanja kwa majivu ya jikoni, aliandika majina ya wachezaji ubaoni nyumbani kwake kana kwamba ni baraza la mawaziri, na kila mwaka alinipigia simu mwezi wa Februari kuniambia kwamba safari hii, Regina, safari hii ushindi tunao. Nilimjibu ndiyo kaka, huku nikikata nguo za watu.

Mwaka huu alinipigia mwezi huo huo wa Februari, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kujipa moyo. Alisema amempata mtu, Rehani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa dada Asia anayeuza vitumbua pale Msamvu karibu na stendi, anayerusha mpira usiuone na anayepiga mpaka unapotea angani, barua ya mashindano imekwisha kuja, ufunguzi ni tarehe 17 Mei, na akaniomba niwashonee mashati mapya kumi na manne yenye namba mgongoni. Nikamwambia kaka, mwezi ujao ni Ramadhani, nina nguo za Idi mpaka kichwani, lakini nitashona.

Hapa mwandiko wa mjomba unasema, marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2017, mwezi wa Machi mwaka huu akapata jeraha mguuni, akalazwa, na Mungu akamchukua. Ni kweli yote. Sasa nageuza ukurasa wa tatu.

Siku ya Alhamisi tarehe 6 Machi nilikwenda Mwambeni kupima mashati. Kaka alikuwa darasani, kidato cha pili, nikamsikia kutoka nje akiwagombeza kuhusu Mto Ngerengere. Mfuko wa mipira ulikuwa kwenye kiti chake ofisini, uko wazi, na juu kabisa niliuona mpira mmoja umefumuka mshono, nikajisemea mpaka Jumapili huu utakuwa umekwisha, ngoja niuchukue leo niuwahi, nikautia kwenye kikapu changu chini ya vitambaa, nikisema nitamwambia. Mlangoni nikakutana na mwalimu mmoja aliyetaka gauni, tukaongea mikono na shingo, nikaenda zangu. Sikumwambia. Sikuandika kwenye daftari. Nilifika nyumbani nikakuta akina mama wanane wananisubiri na vitambaa vya Idi, nikasahau kabisa, jamani, nikasahau, hakuna neno lingine.

Ijumaa tarehe 7 Machi walifanya mazoezi. Mpiga wa mwisho alikuwa Rehani, akaupiga mpira ukaruka ukaenda upande wa korongoni, kwenye matete, na wote walimwona. Mpira huo uliokotwa, sasa naweza kusema kwa hakika kwamba uliokotwa ukarudishwa mfukoni, lakini katika kukusanya hakuna aliyeangalia nani kaokota upi. Ikahesabiwa kumi. Ikahesabiwa tena, kumi. Watoto wakasema ni ule wa Rehani, umebaki kwenye matete.

Sheria inasema hakuna anayeondoka. Lakini wachezaji sita walikuwa wamefunga, Rehani akiwa mmoja wao, na jua lilikuwa linakwenda, mvua inaanza, na kaka yangu akasema sheria hiyo iliwekwa na mtu ambaye hakuwa na wanafunzi waliofunga, nendeni mkafuturu, mtautafuta kesho. Rehani alitaka abaki, akamkatalia, akamwambia mama yako anakungoja na uji. Watoto walipoondoka yeye hakuondoka. Alivua viatu, maana vilikuwa ndivyo vya kanisani, akakunja suruali, akaingia kwenye matete peke yake kutafuta mpira uliokuwa kwenye kikapu changu, nyumbani kwangu Mji Mpya, chini ya kitambaa cha kijani.

Alikanyaga bati bovu lililozama kwenye tope. Wenye kisukari mnajua, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi siku nyingi, hakusikia kitu, aliendelea kutafuta mpaka hapakuonekana, akarudi nyumbani, na ni Magreth aliyeuliza hii damu kwenye sakafu ni ya nani. Jumamosi akarudi korongoni na kandambili na kitambaa mguuni, Jumapili pia, na kwa kuwa Jumapili alikuwa kwenye matete hakupita kwangu baada ya misa, siku ile moja katika miaka yote hiyo ambayo kama angepita angeniuliza, ningeukumbuka na tungecheka.

Niliuona mpira Jumatano tarehe 12, nilipomaliza kile kitambaa cha kijani. Nilicheka, naapa nilicheka, nikasema kesho kutwa ni siku yake ya kuzaliwa, nitampelekea na maandazi. Ijumaa tarehe 14 nikafika kwake Kihonda, nikasema shikamoo kaka, nikamkuta ameweka mguu kwenye kigoda, Magreth anauosha kwa maji ya chumvi, na harufu ya kidonda imejaa sebuleni. Chini kwenye mkeka alikuwa amekaa Rehani, amekuja kuomba radhi, na kaka yangu alikuwa anamtuliza, anamwambia mpira upo tu, haujaota mbawa, labda umekwenda Nyandira kumsalimia mama yangu. Kikapu kilikuwa kwenye magoti yangu. Ningefungua tu. Niliutazama ule mguu nikajua mpira huu umegharimu nini, nikaona aibu, nikatoa maandazi nikaweka mezani, nikafunika kikapu, nikaaga.

Nikajipa moyo kwamba nitautupa kwenye matete watoto wauokote, mambo yaishe. Nilikwenda mpaka pale uwanjani, nikawakuta wamo ndani ya matete wote na mapanga, wamefyeka nusu ya korongo, wakaniamkia shikamoo mama mmoja mmoja, nikawaitikia marahaba, nikarudi na kikapu changu. Mjue kwamba haya yangu haikuwa ya siku moja, nilikuwa nayo kila siku.

Alilazwa hospitali ya mkoa Jumatatu tarehe 24 Machi. Tarehe 27 madaktari walisema wazi kwamba mguu ukatwe ili mtu apone, na marehemu, ambaye kwa ubishi wake ninyi nyote ni mashahidi, akawaomba wamvumilie mpaka tarehe 17 Mei ipite, eti mwalimu hawezi kwenda kwenye ufunguzi wa msimu akiwa hana mguu. Tulimsihi sote, mjomba alisafiri kutoka huku mlimani kumsihi, akakubali tarehe 9 Aprili, akakatwa tarehe 10, na sumu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Kila nilipoingia wodini aliniuliza jambo moja, umepatikana? Hakuuliza nguo, hakuuliza chakula. Jumamosi tarehe 26 Aprili aliniuliza tena kwa sauti ambayo ilibidi niiname kuisikia, nikamwambia umepatikana, akauliza wapi, nikasema kwenye matete, akauliza nani kauona, nikasema Rehani. Akatabasamu, akasema yule mtoto ana macho. Hilo ndilo jambo la mwisho tulilozungumza, na lilikuwa uongo. Alifariki Jumapili tarehe 27 Aprili saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkono mmoja ameshikwa na Magreth na mwingine nimeushika mimi.

Jumatatu dada Asia alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akalia. Alisema Rehani hali chakula, haendi shule tangu mguu ulipokatwa, wenzake wamemwambia fimbo yako ndiyo iliyomuua Mwalimu, na yeye mwenyewe anasema hivyo hivyo usingizini. Mama yule alikuja kuniomba mimi, mimi, niende nikazungumze na mtoto nimwambie familia haina kinyongo. Nilimshonea jibu gani? Nilimwambia nitazungumza naye siku ya maziko, mbele ya watu wote.

Rehani, nakuona umesimama kule chini penye matuta ya ngazi ya njegere, umetugeuzia mgongo, usigeuke kama hutaki. Hukupoteza mpira. Mpira wako ulirudi mfukoni siku ile ile, hesabu niliipunguza mimi, kwa mkono huu, siku moja kabla. Nilikuwa na siku arobaini na sita za kusema nikanyamaza, nikakuacha wewe mtoto wa watu ulale na mzigo wangu. Ninyi wanafunzi mliomwambia maneno yale, mkamwombe radhi leo kabla hamjapanda gari. Mama yangu, najua unanitazama, sijathubutu kukutazama. Wifi Magreth, Josephina, Glory, siombi mnisamehe leo, wala sijui kama nitakuja kuomba, nimesema tu ili lisemwe mahali linapostahili kusemwa.

Wengine mnaweza kutarajia niseme kwamba timu itaendelea kwa heshima yake. Haitaendelea. Mkuu wa shule ametueleza kwa upole kwamba barua ya mashindano imejibiwa, timu haitakwenda, hakuna mwalimu mwingine anayeujua mchezo huo wala anayeutaka, na pale uwanjani patajengwa vyumba vya madarasa, na mimi siwezi kumlaumu, watoto wanakaa themanini darasa moja. Fimbo na glavu zitaingia stoo. Mashati kumi na manne yamekwisha, yako nyumbani kwangu, yamepigwa pasi, na sijui niyapeleke wapi. Majivu aliyochorea uwanja mvua imeyaosha.

Kwa niaba ya ukoo, nawashukuru madaktari na manesi wa hospitali ya mkoa ambao walisema ukweli mapema kuliko sisi, walimu wenzake wa Mwambeni waliogawana vipindi vyake, majirani wa Kihonda mliokesha naye, masista mliomletea sakramenti, wanakwaya, vijana mliochimba kaburi kwenye mvua hii ya Nyandira, na watani wetu, mliocheka kwa niaba yetu. Dada Asia, asante kwa kupanda mlima huu na mwanao. Sina wengine wa kuwataja, niliyemsahau anisamehe, kusahau kwangu mnakujua sasa.

Mfuko wa Bwana Sato uko hapa miguuni mwangu, na jana mjomba ameuhesabu, mna kumi. Huu hapa mkononi ni mwingine, nimeushona, mshono umekaa sawa. Nautia ndani.

Pumzika kwa amani, kaka Ernest. Ni kumi na moja, watoto wanaweza kwenda nyumbani.